Kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa brauza tu, bila Java: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimechoka kuandika majibu yaleyale kwa kila anayenitumia meseji, nimeamua kuyaweka yote sehemu moja. Mie ni fundi wa kompyuta na mitandao, wateja wangu ni maduka na ofisi ndogo za Kariakoo na jirani zake, sio mabenki, kwa hiyo msitegemee habari za chumba kizima cha seva na viyoyozi. Huku kwetu ni kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, rauta ya laini ya simu, na bosi anayesafiri kila baada ya miezi miwili.

Kwanza kabisa, tunaongelea nini hapa?

Kompyuta yako iko ofisini, Tally, ile programu ya hesabu, imo humo, mafaili yote yamo humo. Wewe uko nyumbani Mbagala, au uko msibani Tanga na mwezi unaisha kesho. Unakaa kwenye laptopu yoyote, unafungua Chrome au Firefox, unaandika anwani, unalogini, skrini ya ile kompyuta ya ofisini inatokea humohumo ndani ya brauza na unaitumia kama umekaa mbele yake. Hujainstoli kitu kwenye laptopu uliyoshika. Basi, ndio hiyo.

Zamani tulikuwa tunaambiwa "weka Java kwanza". Ile ilienda wapi?

Ilikufa, na haikufa siku moja. Brauza za zamani zilikuwa na tundu la kuchomekea plagini, yaani programu ya nyongeza, mfumo wenyewe ulitoka kwa Netscape, brauza ya miaka ya 90, unaitwa NPAPI, na kupitia tundu hilo Java ilikuwa inaendesha viprogramu vidogo vinaitwa apleti. Programu za wakati ule za VNC, njia ya kuonyesha skrini ya mashine moja kwenye nyingine, zilikuwa na apleti yake kabisa, unafungua mlango (porti) namba 5800 kwenye brauza, kikombe cha kahawa cha Java kinazungukazunguka hapo mpaka uchoke, halafu skrini inatokea. Wakongwe mnakumbuka.

Shida ni kwamba plagini ilikuwa na nguvu kubwa mno ndani ya mashine yako, ikiwa na tundu la usalama basi mwizi anaingia moja kwa moja. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kilipitia Java kikaambukiza Mac zaidi ya 600,000, na Januari 2013 likatokea tundu lingine baya mpaka serikali ya Marekani ikawashauri watu wazime Java kwenye brauza zao. Baada ya hapo kila mtu akaanza kujitoa. Chrome wakaifuta NPAPI moja kwa moja kwenye toleo la 45, Septemba 2015, Firefox wakafuata na toleo la 52 Machi 2017, Edge ndio haikuwahi kuikubali toka inazaliwa. Oracle wenyewe wenye Java wakatangaza Januari 2016 kwamba plagini wanaistaafisha, na Java 11 ya Septemba 2018 haina kabisa ile sehemu. Kwa hiyo ukikuta maelekezo yanakwambia "pakua Java halafu ruhusu plagini kwenye Chrome", angalia yaliandikwa lini, usipoteze bando lako.

Mbona mnasema bila Java halafu brauza inatumia JavaScript, si ndio hiyohiyo?

Hapana mkuu. Java ni ya Sun Microsystems, sasa iko kwa Oracle. JavaScript ilitengenezwa na Brendan Eich pale Netscape mwaka 1995, jina lilifananishwa kwa sababu za kibiashara tu, Java ilikuwa ndio habari ya mjini. JavaScript imo ndani ya kila brauza tayari, huiinstoli, na haiwezi kushika mafaili ya mashine yako hovyo kama plagini ilivyoweza. Kufanana kwao ni kama kufanana kwa mbuzi wa nyama na mbuzi wa kukunia nazi.

Sasa bila plagini, ile picha inafikaje kwenye brauza?

Hapa ndipo penye utamu na ukipaelewa hapa maswali mengine nusu utajijibu mwenyewe.

Brauza kwa makusudi kabisa hairuhusiwi kufungua muunganisho wowote inaotaka kwenda mlango wowote, haiwezi kuongea moja kwa moja na mlango 3389 wa RDP, njia ya Windows yenyewe ya kuingia kwa mbali, wala 5900 wa VNC. Inachoruhusiwa ni njia za wavuti. Mwaka 2011 ikasanifiwa njia inaitwa websoketi ambayo ukishaifungua inabaki wazi na pande zote mbili zinatupiana data muda wowote, sio ule mtindo wa kuomba ukurasa, kupewa, na kuomba tena. Halafu HTML5 ikaleta kanvasi, yaani karatasi tupu ndani ya ukurasa ambayo JavaScript inaweza kuchora chochote juu yake. Weka hivyo viwili pamoja: websoketi inaleta data, kanvasi inachorwa skrini, ukibofya kipanya au kibodi, mabofyo hayo yanarudi kwa njia ileile.

Kinachobaki ni mkalimani wa katikati, na hapa ndio programu zinatofautiana. Kwenye noVNC, brauza yenyewe inajua lugha ya VNC kwa JavaScript, katikati panakaa kiprogramu kidogo kinaitwa websockify ambacho kazi yake ni kuvua lile ganda la websoketi na kupitisha kilichomo kama kilivyo. Kwenye Apache Guacamole brauza haijui VNC wala RDP, haijui chochote. Upande wa seva kuna programu inaitwa guacd, hiyo ndiyo inaongea RDP, VNC au SSH (ile ya amri za maandishi) na kompyuta yako, halafu inaigeuza yote kuwa maagizo ya kuchora, weka picha hii hapa, sogeza kipande kile pale, na brauza inafuata tu.

Kwa hiyo kazi haikupotea, ilihama. Zamani mzigo ulikuwa kwenye laptopu ya mtumiaji na Java yake, sasa mzigo uko kwenye seva na kwenye njia ya kufika huko. Kila mtu anaponiambia "brauza yangu ina shida" mara tisa kati ya kumi brauza haina kosa lolote.

Naskia Guacamole yenyewe imeandikwa kwa Java. Sasa mnatudanganya?

Hahaha, hili swali huwa nalipenda. Ni kweli, sehemu yake ya wavuti ni Java na inakaa ndani ya Tomcat, seva ya kuendeshea programu za wavuti za Java, guacd ndio imeandikwa kwa C. Lakini hiyo Java iko kwenye seva unayoitunza wewe, haipo kwenye mashine ya mtumiaji. Tofauti yake ni kama jenereta kuwa uani kwako na jenereta kuwa chumbani.

Ziko nyingi. Mimi nichukue ipi?

Inategemea unaingia wapi na mko wangapi.

Kama ni wewe peke yako na kompyuta moja, chukua Chrome Remote Desktop usijitese. Unainstoli kitu kidogo kwenye kompyuta ya ofisini mara moja, unaweka namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi, ukiwa mbali unafungua brauza na akaunti yako ya Google. Haihitaji IP ya nje, yaani anwani yako mwenyewe inayofikika kutoka intaneti, wala kugusa rauta. Ubaya wake ni kwamba aliyekaa ofisini anaona kila unachofanya kwenye skrini, na kila kitu kimefungwa kwenye akaunti ya Google, mtu akikuibia hiyo akaunti umekwisha, weka uthibitisho wa hatua mbili kabla hujaendelea kusoma.

Kama mko wengi, kompyuta nyingi, mnataka kusema fulani aone hii na asione ile, hapo Guacamole ndio mwenyewe. Ni bure, iko chini ya Apache, inachukua RDP, VNC, SSH na Telnet ndani ya ukurasa mmoja.

noVNC nzuri kwa mashine za Linux na kwa skrini za mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kama unatumia Proxmox kuendesha mashine hizo tayari unaitumia bila kujua, ile konsoli inayofunguka kwenye ukurasa ni noVNC. Na kama wewe ni fundi unayehudumia kompyuta za wateja zilizotawanyika, angalia MeshCentral, inaweka wakala kwenye kila mashine na wakala ndiye anayepiga simu kwenye seva yako, mie siku hizi naitumia kuliko hizo zote lakini hiyo ni kazi yangu, sio lazima iwe yako.

Windows yangu ni Home, RDP inakataa.

Ndio, Home haina upande wa kupokea RDP, ina upande wa kwenda kwa wengine tu. Unahitaji Pro, au uweke seva ya VNC kama TightVNC na Guacamole iingie kwa VNC, au utumie Chrome Remote Desktop au MeshCentral ambazo haziangalii ni Home au Pro. Kuna vifaili vinazunguka vinavyo"fungua" RDP kwenye Home, sikushauri, kila apdeti ya Windows inavivunja na hujui kilichowekwa humo ndani.

Na ukienda na Pro jua kwamba ni mtu mmoja tu kwa wakati. Ukiingia kwa RDP aliyekaa pale skrini yake inajifunga. Nimewahi kupigiwa simu na mhasibu analia kompyuta imeharibika, kumbe bosi wake ameingia toka nyumbani. Wakitaka watu watatu wanne waingie pamoja kwenye mashine moja basi hiyo ni Windows Server na leseni zake za kila mtumiaji, na hapo bei inapanda.

Rauta yangu ni ya laini ya simu, sina IP ya nje. Nifanyeje?

Karibu wote mko hivyo. Makampuni ya simu yanaweka wateja wengi nyuma ya IP moja kwa sababu anwani za IPv4 zimeisha, kwa hiyo hata ukifungua milango yote kwenye rauta yako hakuna anayeweza kubisha hodi kutoka nje. Watu wanahangaika wiki nzima na setingi za rauta bila kujua hili. Angalia IP iliyoandikwa kwenye rauta upande wa nje, halafu angalia ile ambayo tovuti za "IP yangu ni ipi" zinakuonyesha, zikitofautiana basi uko nyuma ya ukuta wa kampuni na unasumbuka bure.

Dawa ni moja, ofisi ndiyo itoke nje, isisubiri kufuatwa. Njia ya kwanza ni handaki la Cloudflare, kampuni inayokaa katikati ya tovuti na watumiaji wake, unaweka kiprogramu chao kwenye mashine yenye Guacamole, chenyewe kinatoka nje kwenda kwao, na watu wako wanafungua jina la tovuti lako kama kawaida. Unahitaji jina la tovuti uliloliweka chini yao. Njia ya pili ni kukodi VPS ndogo, yaani seva pepe, huko nje na kuvuta WireGuard, handaki la VPN, kutoka ofisini mpaka kwenye hiyo VPS. Njia ya tatu ni Tailscale, mtandao wa faragha uliojengwa juu ya WireGuard, nzuri sana na rahisi, lakini hapo inabidi kila mtumiaji ainstoli kitu kwenye kifaa chake, sasa ile raha ya "brauza tu" imeondoka.

Mbona inavuta? Nabonyeza, nasubiri, nasubiri...

Kabla ya kulaumu bando, chora ramani ya kubofya kwako. Nilimkuta jamaa kaweka Guacamole kwenye VPS ya Frankfurt kwa sababu ilikuwa bei chee, kompyuta iko Dar, yeye mwenyewe yuko Dar mitaa miwili tu kutoka ofisini. Sasa ona: anabofya, bofyo linaenda Ujerumani, Ujerumani inalituma Dar ofisini, ofisi inatuma picha Ujerumani, Ujerumani inairudisha kwake. Safari nne za bara mpaka bara kwa herufi moja! Mwanga kwenye fiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, ni kasi kweli, lakini kebo hazijanyooka na kila kituo kinaongeza chake, na ukifika kwenye robo sekunde au zaidi kati ya kubofya na kuona, mkono unaanza kuchanganyikiwa, unaandika barua unafuta, unaandika tena unafuta.

Guacamole iweke palepale ofisini karibu na kompyuta, sio ughaibuni, na handaki lako lipite kwa mtu mwenye kituo cha karibu, Cloudflare wana vituo Nairobi na Mombasa kwa mfano. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kitu kingine chochote. Halafu kama rauta yako iko kwenye kona nyuma ya kabati la chuma, itoe huko jamani.

Na siku nyingine sio wewe. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSY na Seacom zilikatika pamoja, Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zetu tukabaki tunahema, siku ile waliokuwa na kila kitu ndani ya nchi waliteseka kidogo, waliokuwa wanazunguka Ulaya walilala.

Inakula bando kiasi gani?

Inategemea kinachosogea kwenye skrini. Ukurasa wa Tally au Excel uliotulia hautumi karibu kitu chochote, kinachotumwa ni vipande vilivyobadilika tu. Ukifungua video humo ndani, bando linaondoka ukiliona, kwa hiyo video angalia kwenye simu yako sio ndani ya kompyuta ya mbali. Punguza rangi mpaka biti 16 na usifungue skrini kubwa kuliko unavyohitaji. Picha ya ukutani na mbwembwe za Windows Guacamole inazizima yenyewe kwenye RDP, mtu akiwa ameziwasha kwa kupenda uzuri, zizime tena.

Si nifungue tu mlango 3389 kwenye rauta nimalize kazi?

USIFUNGUE. Samahani kwa kupiga kelele.

Kuna duka moja silitaji, walikuwa na fiba yenye IP yao, bosi anasafiri Guangzhou kila mara kuchukua mzigo, anataka kuona stoo akiwa kule. Kijana wao akafungua 3389, ikafanya kazi vizuri, wote wakafurahi. Pasiwedi ilikuwa jina la duka na mwaka. Niliitwa Jumatatu moja asubuhi, mafaili yote yana majina ya ajabu na kuna karatasi ya kidijitali inadai malipo kwa bitcoin. Bakapu walikuwa nayo, kwenye diski ya nje, iliyokuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Nayo ikafungwa. Tulijenga upya hesabu za miezi kutoka kwenye risiti za EFD na madaftari, sitasahau ile kazi.

Maboti yanazunguka intaneti nzima usiku na mchana yanatafuta 3389 iliyo wazi na kubahatisha pasiwedi, hayakujui, hayakuchagui, hayachoki. Na sio pasiwedi tu, Mei 2019 lilitoka tundu linaitwa BlueKeep ambalo mtu anaingia kwenye Windows 7 na Server 2008 bila hata kujua pasiwedi, lilikuwa baya mpaka Microsoft wakatoa dawa ya Windows XP waliyokuwa wameshaizika. Kubadilisha 3389 kuwa namba nyingine ni kuhamisha ufunguo toka chini ya zulia kwenda chini ya chungu cha maua.

Kwa hiyo nikitumia Guacamole niko salama?

Uko salama kuliko hapo juu, ukifanya haya. Kwanza, inakuja na mtumiaji guacadmin pasiwedi guacadmin, tengeneza admini wako halafu huyo mfute, nimekuta ofisi tatu mpaka sasa zimemwacha. Pili, HTTPS lazima, yaani data zipite zimefungwa kwa siri, cheti cha Let's Encrypt ni bure kinadumu siku 90 na kinajisasisha chenyewe ukikipanga vizuri na Nginx, seva ya wavuti, mbele yake. Tatu, washa TOTP, ile namba ya tarakimu sita inayobadilikabadilika kwenye simu. Mlango 4822 wa guacd na 8080 wa Tomcat visionekane nje hata siku moja, vibaki ndani.

Ukitumia handaki la Cloudflare unaweza kuongeza kizuizi chao mbele, mtu anatumiwa namba kwenye imeili kabla hata hajauona ukurasa wa Guacamole, kwa watu mpaka 50 ni bure. Mimi huwa nawawekea wote.

Kwa VNC kuna mtego wa peke yake: ile pasiwedi ya kizamani ya VNC inasoma herufi 8 za mwanzo tu, ukiweka herufi ishirini kumi na mbili za mwisho ni mapambo. Na data zake zinapita wazi bila kufungwa. VNC ibaki ndani ya mtandao wa ofisi, nje itoke Guacamole.

Nimeweka Guacamole kwenye Ubuntu mpya, ukurasa unasema 404.

Tomcat 10, sivyo? Ubuntu 24.04 na Debian 12 zinakupa Tomcat 10, na Guacamole za 1.5 kurudi nyuma zinataka Tomcat 9, kuna majina ya ndani ya Java yalibadilishwa hapo katikati na hazielewani. Hakuna ujumbe wa maana unaokwambia hivyo, unapata 404 tu unabaki unajilaumu. Tumia Docker, inayoendesha programu zilizofungashwa tayari na kila kinachohitajika, zipo konteina mbili tayari, moja ya guacd moja ya wavuti, ongeza ya hifadhidata, umemaliza. Na usisahau kwamba anwani inaishia na /guacamole, hiyo nayo imewapoteza wengi.

Naingia, nachagua kompyuta, inasema haifikiki. Lakini iko hewani!

Kwenye setingi za ule muunganisho weka alama kwenye kipengele cha kupuuza cheti cha seva. Windows ya kawaida inajitengenezea cheti chake yenyewe na guacd haikiamini. Hakikisha pia jina na pasiwedi ni za akaunti ya Windows, sio ile PIN ya kufungulia, PIN haipiti kwenye RDP. Akaunti isiyo na pasiwedi kabisa nayo Windows inaikataa ikitoka mbali.

Nikiandika @ inatokea alama za kunukuu.

Laptopu yako ina kibodi ya Kiingereza cha Uingereza na ya huko ofisini inadhani ni ya Marekani, au kinyume chake. Mashine nyingi za mtumba huku zinatoka Uingereza ndio maana. Kwenye setingi za RDP ndani ya Guacamole kuna sehemu ya mpangilio wa kibodi, ifananishe na ule wa Windows ya ofisini, sio wa laptopu yako. Watu wamekataliwa pasiwedi siku nzima kwa ajili ya hiki kitu.

Kukopi na kupesti? Mafaili? Kuprinti?

Bonyeza Ctrl+Alt+Shift kwa pamoja, menyu inatoka upande wa kushoto, humo kuna kisanduku cha maandishi, unachopesti hapo kinafika upande wa pili. Kwenye Chrome ukiwa na HTTPS mara nyingi inajikopi yenyewe bila menyu. Mafaili unawasha diski ya kwenye RDP, linatokea kama diski jipya ndani ya Windows. Kuprinti nayo ipo, unaprinti kwenye printa ya Guacamole ndani ya Windows, brauza inakushushia PDF, unaipeleka kwenye printa ya hapo ulipo. Sio kama ofisini lakini ankara inatoka.

Kwenye simu inawezekana?

Inawezekana kwa dharura. Menyu unaivuta kwa kidole toka ukingo wa kushoto. Kufunga hesabu za mwezi kwenye simu usijaribu, macho yako ni yako.

Bosi yuko China, Chrome Remote Desktop haifunguki.

Huduma za Google zimefungwa kule, haitafunguka. Guacamole yako mwenyewe kwenye jina lako mwenyewe ina nafasi nzuri zaidi ya kupita, ijaribu kabla hajapanda ndege, sio akiwa Guangzhou saa nane usiku anakupigia.

Umeme ukikatika ofisini?

Hakuna brauza itakayokusaidia hapo. Ingia kwenye BIOS ya ile kompyuta, tafuta kipengele cha umeme ukirudi ifanyeje, weka iwake yenyewe. Rauta na mashine ya Guacamole ziweke kwenye UPS. Guacamole pia inaweza kuamsha kompyuta iliyolala kwa kuituma ishara kwenye mtandao wa ndani, kama kadi yake ya mtandao inakubali, lakini hiyo mashine ya Guacamole yenyewe lazima iwe macho.

Naweza kurekodi wafanyakazi wanachofanya?

Guacamole inaweza kurekodi, ndio. Lakini waambie kwanza, kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na skrini ya mtu ina mengi kuliko kazi.

Nina DVR ya kamera na seva ya zamani, zote bado zinadai Java au ActiveX. Nizitupe?

Usitupe bado. Angalia kwanza kama kuna femwea mpya, ile programu ya ndani ya kifaa chenyewe, watengenezaji wengi wa seva walihamisha konsoli zao kwenda HTML5 na mtu hajasasisha tu tangu inunuliwe. Kama hakuna, ya ActiveX, ile plagini ya Internet Explorer, jaribu Edge kwenye ile hali ya Internet Explorer, Microsoft wamesema wataibakiza mpaka 2029 angalau. Konsoli zinazotoa faili la jnlp, la kuwashia programu ya Java, zinafunguka na OpenWebStart bila brauza kabisa.

Ikishindikana yote hayo, fanya ninavyofanya mimi: tengeneza mashine pepe moja, ndani weka Java 8 na brauza ya kizamani inayoikubali, ikate kabisa intaneti, ione hiyo DVR na hiyo seva tu. Halafu hiyo mashine pepe iingie kwa Guacamole. Java inabaki imefungiwa kwenye chumba chake kule, wewe huku unafungua brauza ya kawaida. Nina mteja ana moja hivyo, ina jina kwenye orodha yake, tumeiandika "Bibi", na kila fundi mpya akiuliza Bibi ni nani namwambia fungua uone.